Bunduki ya silikoni ya nyumbani ipimwe kwenye vibati vyake

Ndugu Mhariri,

Kila maonyesho ya Sabasaba yakikaribia, wito wa kununua vilivyotengenezwa nchini unarudi. Hatuupingi. Tunaomba nafasi tuuzungumzie kwenye kifaa kimoja kidogo ambacho hakuna anayekitaja jukwaani: bunduki ya silikoni, ile ya kuzibia kingo za madirisha ya aluminiamu, sinki na beseni za bafuni. Karakana inayoweza kutengeneza geti la kukunja inaweza kuitengeneza hii. Ila ikiiga zile za bei ya chini zinazoning'inia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, itakuwa imeiga makosa, na bendera ya taifa kwenye mpini haitayaondoa.

Makosa yenyewe yanaanzia mahali ambapo mnunuzi haangalii. Ukiminya mkono wa bunduki, ule unaovutwa kwa vidole, kibati chenye tundu kinainama, kinaing'ata fimbo inayopita ndani yake kwenda kuisukuma silikoni, na kuisogeza mbele milimita chache. Ukiachia, springi inakirudisha kibati nyuma, huku kibati cha pili, kile cha kubonyezwa kwa dole gumba, kikiizuia fimbo isirudi. Kazi yote inafanywa na ukingo wa tundu hilo. Fimbo inalika kidogo kidogo katika urefu wake wote, lakini kibati kinalika pale pale kila mara. Kikiwa cha chuma laini, ukingo unakuwa butu baada ya tyubu chache, fimbo inaanza kuteleza, na fundi anadhani silikoni imegandia ndani.

Nafasi kati ya tundu na fimbo nayo ina hesabu yake. Chukua fimbo ya milimita 8 na kibati chenye unene wa milimita 3. Tundu likiwa milimita 8.3, kibati kinahitaji kuinama kidogo tu, na mahali kinaposukumwa panasogea kama milimita 1.2 kabla hakijang'ata. Likiwa milimita 9, panasogea zaidi ya milimita 3 bure. Sasa bunduki ya kawaida inaisogeza fimbo milimita 4 hivi kwa mminyo mmoja. Maana yake mkono unakaribia mwisho na silikoni haijaanza kutoka.

Kwa hiyo vibati visikatwe kwenye bati la dirisha. Kipande cha springi ya gari, zile za bapa, kinafaa sana. Kipashwe moto kiwe chekundu, kifukiwe kwenye majivu kipoe polepole hadi kesho yake, ndipo kikubali kusagwa hadi milimita 3 na kutobolewa kwa drili ya milimita 8. Tundu limaliziwe kwa tupa ya mviringo, taratibu, huku fimbo ikijaribiwa. Kisha kirudi motoni mpaka sumaku isikishike, kipitilizwe kidogo, na kizamishwe kwenye oili. Kwenye maji kitapasuka. King'arishwe, lakini kisiachwe hivyo hivyo, kwa sababu sasa ni kigumu lakini kinavunjika kama kigae: kipashwe tena moto mdogo hadi rangi ya bluu itokee, ndipo kiachwe kipoe. Vibati viwili vikiwekwa pamoja kwenye nafasi ya kusukuma, vinagawana mzigo na vinadumu zaidi.

Fimbo iwe chuma cha duara au cha pembe sita, laini na kilichonyooka. Wapo watakaofikiria nondo, kwa kuwa ina mbavu zinazofanana na meno. Mbavu hizo hazikutengenezwa kwa kipimo cha kung'atwa, nazo zitakwama kwenye tundu. Hata fimbo yenye meno halisi hatuipendi kwa kazi safi: inasukuma kwa vipande, na mstari wa silikoni unatoka na vinundu.

Jambo la pili ni uwiano wa nguvu. Huu ni umbali kutoka pini ya mkono hadi vidole, ukigawanywa kwa umbali kutoka pini hadi mkono unapokisukuma kibati. Milimita 96 kwa 8 ni uwiano wa 12 kwa 1. Ukiminya kwa nguvu ya kilo 10, nyuma ya tyubu kunafika takribani kilo 120, ukiondoa msuguano. Hiyo inatosha silikoni na akriliki. Gundi nzito za poliyuretani zinataka 18 au 26 kwa 1. Lakini usidhani namba kubwa ndiyo bora kila mahali. Kwa 12, mminyo mmoja unatoa kama mililita 7, ambazo kwenye ufa wa milimita 6 kwa 6 ni sentimita 19 hivi. Kwa 26 unapata sentimita 9, yaani unaminya mara mbili zaidi kwa kazi ile ile. Na nozeli, yaani mdomo wa tyubu, ikiziba, kilo 260 hazina pa kwenda: zinapasua tyubu au zinairudisha silikoni nyuma hadi kwenye fimbo.

Hapa karakana iwe makini na rula. Aliyekusudia tundu la pini liwe milimita 8 kutoka mkono unapokisukuma kibati, akalitoboa umbali wa milimita 10, ametoka kwenye 12 na kuangukia 9.6. Kiwanda cha Albion cha New Jersey, Marekani, huuza bunduki hizi kwa kutaja uwiano wake. Zetu nazo ziandikwe, kwa namba iliyogongwa kwenye chuma, siyo stika.

Pini yenyewe iwe ya chuma, milimita 6. Ribiti ya aluminiamu inakatika, au tundu lake linageuka yai na mkono unaanza kuchezacheza. Kitanda cha tyubu kinaweza kuwa bati la geji 16, kama milimita 1.5, lakini uso wa mbele usipungue milimita 3, kwa kuwa ndio unaobeba zile kilo 120. Uso huo ukipinda, tyubu inakaa upande. Tyubu ya mililita 300 ina kipenyo cha karibu milimita 50, hivyo kitanda kiwe na upana wa 52 na urefu wa 225. Kisahani cha mwisho wa fimbo kiwe na milimita 42 hadi 44. Kikiwa kidogo, kinasukuma kizibo cha plastiki katikati, kizibo kinalala upande, na silikoni inavujia nyuma.

Mnunuzi asiye na venia, kile kipimo cha milimita, anaweza kupima kwa mikono. Avute fimbo nyuma bila kubonyeza kibati cha dole gumba: isisogee hata kidogo. Abonyeze: iteleze bila kukwaruza. Aushike mkono na kuutikisa kushoto na kulia. Ukicheza zaidi ya milimita 2, airudishe. Kisha aweke tyubu, aminye mpaka silikoni itokeze, abonyeze kibati cha dole gumba na kuhesabu hadi tano. Silikoni itaendelea kuchuruzika kidogo kwa sababu tyubu ilikuwa imevimba na hewa iliyo ndani ilikuwa imebanwa, lakini inatakiwa ikome. Zipo bunduki zinazoirudisha fimbo nyuma zenyewe mkono unapoachiwa. Ni nzuri, ila kwa kuanzia karakana isijisumbue nazo.

Utunzaji ni mfupi. Oili itiwe kwenye pini tu, kamwe isipakwe kwenye fimbo. Silikoni mbichi ifutwe kwa kitambaa kikavu. Ikishakauka haiyeyuki kwa tina, inabanduliwa kwa wembe. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na pwani, ambako chumvi iko hewani, bunduki iliyoachwa nayo usiku kucha inaamka na kutu kwenye tundu la kibati.

Kuhusu lebo: Marekani, kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2021 hairuhusu bidhaa kuandikwa kuwa imetengenezwa nchini humo kama haikuunganishwa humo au kama vipuri vyake, vyote au karibu vyote, havikutoka humo. Bunduki iliyoagizwa kutoka nje na kupakwa rangi Dar es Salaam isiitwe ya nyumbani. Iliyochomelewa hapa kwa fimbo iliyoagizwa, isemwe hivyo hivyo, mteja ataelewa. Na kila moja iuzwe na mfuko mdogo wenye vibati viwili na springi moja ya akiba, kwa kuwa ndivyo vitakavyochoka kwanza, na havipatikani dukani.

Mafundi wa aluminiamu na vioo,
Dar es Salaam