Barua ya wazi kwa mpwa wangu hakimu

Mpwa wangu mpendwa,

Shikamoo yako niliiitikia juzi kwenye simu, ila swali lililoifuata nililikwepa. Uliniuliza kama ni aibu hakimu kuandika barua ya kuacha kazi kwa sababu mwenzake aliyeajiriwa baada yake amepandishwa cheo na yeye amerukwa. Nakujibu hadharani, kwa kuwa nahisi hauko peke yako, na jibu langu ni habari za Jaji William Hastie wa Marekani.

Hastie alizaliwa Knoxville, Tennessee, mwaka 1904, akasoma hisabati Amherst na kumaliza akiwa wa kwanza, kisha sheria Harvard. Mwaka 1937 Rais Roosevelt alimteua jaji wa shirikisho katika Visiwa vya Virgin, visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Marekani, na kabla yake hapakuwa na mtu mweusi aliyewahi kuwa jaji wa shirikisho nchini Marekani. Mwingine angeking'ang'ania kiti hicho kama kupe. Yeye alikiacha baada ya miaka miwili, akarudi Chuo Kikuu cha Howard kuongoza kitivo cha sheria. Mwaka 1940 aliitwa kumshauri Waziri wa Vita, Henry Stimson, kuhusu askari weusi. Alipoona jeshi la anga linaendelea kuwatenga na wenzao hata katika mafunzo, Januari 1943 alijiuzulu na kueleza sababu zake waziwazi.

Hakwenda kukaa nyumbani. Pamoja na mwanafunzi wake wa zamani, Thurgood Marshall, alishinda katika Mahakama ya Juu shauri la mwaka 1944 lililowafungulia weusi wa Texas kura za mchujo za chama cha Democratic, na lile la mwaka 1946 la Irene Morgan, aliyekataa kumwachia mzungu kiti ndani ya basi. (Marshall huyo ndiye aliyewashauri wajumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba, Lancaster House, mwaka 1960.)

Baada ya kuwa gavana wa visiwa vilevile, mwaka 1949 Rais Truman alimteua jaji wa Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tatu, Philadelphia (mzunguko ni eneo ambalo mahakama hiyo husikiliza rufani zake). Seneti ilichukua takriban miezi tisa kumthibitisha, naye muda huo wote akisikiliza rufani kwa uteuzi wa muda. Kuachaacha viti kukakoma hapo.

Kazi yenyewe unaijua kwa upande wa chini. Jaji wa rufani hamwoni shahidi akimeza mate kabla ya kujibu. Anapelekewa jalada, anasoma mwenendo wa shauri na sababu za rufani, anawasikiliza mawakili kwa muda mfupi, kisha anakaa na wenzake wawili kuamua kama aliye chini alikosea sheria. Rufani za Visiwa vya Virgin nazo zilikwenda Philadelphia, kwa hiyo Hastie alikuwa jaji wa juu wa mahakama aliyowahi kuikalia mwenyewe. Wewe unayeandika ushahidi kwa mkono hadi kidole cha kati kimeota sugu, fikiri maana yake: aliyesoma maandishi ya jaji wa chini aliijua joto ya chumba kile.

Mwaka 1962 kiti kilipokuwa wazi katika Mahakama ya Juu, jina la Hastie lilijadiliwa kwa Rais Kennedy, lakini aliyechaguliwa ni Byron White. Miaka mitano baadaye kiti kingine kilimwendea Marshall, mwanafunzi. Hastie hakuandika barua ya kujiuzulu mara hizo mbili. Alibaki na majalada yake, akawa jaji kiongozi wa mzunguko huo kuanzia 1968 hadi 1971, na alipofariki mwaka 1976 alikuwa bado jaji, ingawa wa kazi iliyopunguzwa.

Mimi naona mwaka 1943 aliondoka kwa sababu kubaki kungelifanya jina lake kuwa pambo la jambo alilolipinga. Mwaka 1962 alirukwa tu, na kazi iliyokuwa mezani ilikuwa bado ya haki. Lako ni lipi kati ya hayo, wewe ndiye unayelijua, na mjomba wako hawezi kulisoma kwenye simu.

Barua yako usiipeleke bado. Ukija sikukuu njoo nayo, tuisome barazani, nami nitakuonyesha neno kwa neno mahali unapolalamika na mahali unapopinga.

Mjomba wako