Rush: mwanangu, nakiri umenishinda

Mwanangu,

Mambo vipi, mimi niko poa ila usingizi sina, saa hizi ni saa nane usiku na nimekaa nakuandikia badala ya kulala na wa kulaumiwa ni wewe. Nimeiangalia Rush, ile muvi ya mbio za magari ya langalanga. Ile uliyonipigia kelele miaka na miaka, mimi nikawa nakujibu langalanga ni magari tu yanazunguka palepale kama ngamia wa kinu, sina muda huo. Basi leo nimekula matapishi yangu, nimeimaliza, nikarudisha nyuma nikaangalia nusu ya pili tena, na masikio bado yananguruma.

Mwanzoni ilinichanganya. Si unajua tulivyozoea, muvi ikianza tu dakika kumi ushajua steringi nani adui nani, na steringi hafi. Hapa dairekta Ron Howard kakutupia watu wawili halafu kakaa pembeni. James Hunt, Muingereza, mrefu, nywele za dhahabu, anatapika kabla ya mbio halafu anaingia kwenye gari kama mtu asiyekuwa na kesho. Na Niki Lauda wa Austria, meno mbele, wanamwita panya, anaongea kama karani wa mahesabu na hana hata chembe ya kujipendekeza kwa mtu. Nikasema aah, Chris Hemsworth yule pale kamcheza Hunt, steringi si ndo huyo, na nusu saa nzima nilikuwa upande wako wa Hunt kabisa.

Kilichonigeuza ni ile sehemu Lauda kapewa lifti na Marlene, aliyekuja kuwa mkewe, hata hawajuani vizuri, mtu kakaa tu anaanza kuitaja gari ya watu ubovu wake mmoja mmoja, anausikia kwa makalio! Mdada anambishia, gari imetoka gereji juzi. Haujapita muda, gari hiyo pembeni ya barabara. Halafu wanasimama Waitaliano wawili, unadhani wamesimama kwa ajili ya mrembo, kumbe wamemuona Lauda, wanakaribia kuzimia, wanamwomba awaendeshee gari yao. Nilicheka peke yangu kama chizi. Daniel Brühl kamcheza Lauda mpaka basi. Inasemekana alipompigia Lauda mwenyewe kuomba wakutane, Lauda akamwambia njoo na begi la mkononi tu, tusipopendana uondoke haraka. Sasa mtu wa hivyo utaacha kumpenda?

Nürburgring, ule uwanja wa mbio wa Ujerumani, sikuwa tayari, dah. Barabara karibu kilomita 23 kwa mzunguko mmoja, msituni, mvua imenyesha, na Lauda ndo huyohuyo aliyewaambia wenzake tusikimbie hapa, wakapiga kura akashindwa. Tarehe 1 Agosti 1976. Ukishajua kwamba ni kweli ilitokea unaangalia kila kona umekunja vidole vya miguu. Gari inawaka na yeye yumo, na waliomtoa ni madereva wenzake, walisimamisha magari yao katikati ya mbio wakaingia kwenye moto. Pale niliisimamisha nikaenda kunywa maji kwanza.

Hospitali sasa. Wanamuingiza bomba kooni kumsafisha mapafu, huku kwenye tivii Hunt anashinda, anakusanya pointi zake, na yule mtu macho kwenye tivii anawaambia madaktari rudieni tena. Halafu ile ya helmeti: yuko peke yake, kichwa kizima bendeji, anaichukua anajaribu kuivaa, inakwama kwenye ngozi iliyoungua, anasukuma, analia kwa maumivu, na mkewe kasimama pale. Hamna anayepiga hotuba pale. Mimi machozi yalishatoka zamani, usimwambie mtu.

Padri alishamfanyia sala za mwisho huyu jamaa. Baada ya siku 42 yuko kwenye mbio za Monza, Italia, ndani ya Ferrari, kamaliza wa nne. Akivua helmeti ni damu tupu.

Ugomvi wetu uko kwenye mbio za mwisho, Fuji kule Japani. Najua wewe utasema Hunt wangu ndo bingwa, mvua ile, haoni mbele, tairi imemchosha dakika za mwisho kabisa, kaingia kubadilisha, katoka kapita watu mpaka wa tatu, ubingwa kwa pointi 69 kwa 68. Sawa, hata mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kichwa. Na ile ya kutoka kwenye gari anawafokea watu wa timu akidhani kakosa, kumbe kashachukua, ni kweli ilitokea hivyohivyo!

Ila mwanangu, Lauda alizunguka mara mbili tu akaingia akazima gari. Anaongoza pointi, dunia nzima inaangalia, macho hayapepesi vizuri kwa sababu ya moto, mvua kama imefunguliwa bomba, anamkumbuka mkewe, anapaki. Yule mtu aliyejilazimisha helmeti juu ya kidonda ndo huyo anasema leo basi. Mimi ubavu wa kufanya hivyo sina, wewe pia huna, tungeendelea tu kwa kuogopa watu watatusemaje. Hapo ndo nilipojua steringi wangu ni nani, na sikuwahi kuona steringi anayeacha.

Kwa hiyo ukinitajia ile pointi moja nitakujibu hivi: mwaka 1977 Lauda akarudi akabeba ubingwa, akaacha, akarudi tena, na 1984 akambwaga dereva mwenzake Alain Prost kwa nusu pointi. Nusu!

Lawama yangu ni moja tu, wametia chumvi kwenye uadui. Hawa jamaa maishani walikuwa marafiki, ujanani hata nyumba waliwahi kukaa pamoja, na ningependa niwaone vile kidogo kabla ya zile dakika za mwisho uwanja wa ndege. Pale mwisho ndo nimeelewa kwa nini ulikuwa unanisumbua niangalie, maana wale wanavyotukanana ni sisi kabisa. Hunt alikufa 1993 ana miaka 45 tu, imeniuma kuliko nilivyotegemea, nakiri na hilo.

Haya nijibu, ila usianze kunitumia picha za Hunt na shampeni, nazijua zote sasa. Na ukija tunaiangalia pamoja, sauti juu mpaka mwisho, ila kwenye ile ya helmeti mimi nitakuwa naangalia simu.

Wako,
Timu Panya