Harambee ya Kitalu cha Kupimia Blasti ya Mpunga

Ndugu wakulima wenzetu na marafiki wa kikundi,

Mliopita majarubani msimu uliopita mlijionea. Kwa mbali suke limesimama jeupe, ungedhani limetangulia kuiva. Ukilishika, shingo imeoza, rangi ya kahawia, na punje zote ni mapepe. Ile ni blasti, na imeipata mbegu tuliyoinunua kwa kuambiwa kwamba haishikwi na blasti. Misimu miwili ya mwanzo kweli haikushikwa.

Aliyetuuzia huenda hakutudanganya. Ukungu unaoleta blasti, Pyricularia oryzae, una koo nyingi zinazotofautiana kwa vinasaba. Jeni ya ukinzani ndani ya mpunga, yaani kinasaba kinachoukinga na ugonjwa, ni kama bawabu aliyekariri sura moja tu: ukungu ukibadilika sura, unapita mbele yake mchana kweupe. Korea Kusini iliyaona haya kwa mpunga wa Tongil. Ulisifiwa kwa kuistahimili blasti, ukaenea mno, na mwaka 1978 ukashambuliwa vibaya.

Kwa hiyo kabla ya kukimbilia mbegu nyingine mpya, tunaomba mtuchangie tujue kwanza tunapambana na koo zipi. Tutapanda kitalu chenye mistari ya mpunga, kila mstari umebeba jeni moja inayojulikana: Pi-ta, Pib, Pi9 na nyinginezo. Mstari ukibaki safi, jeni yake bado inafaa. Ukijaa yale madoa yaliyochongoka ncha mbili, kijivu katikati, basi hiyo tuiache. Majani yenye madoa yatapelekwa maabara kupimwa vinasaba, na hapo ndipo fedha nyingi zitakapokwenda. Wataalamu wa mbegu wakishapata majibu, watajua jeni zipi mbili tatu wazipandanishe ziingie kwenye mmea mmoja. Kazi hiyo huchukua miaka. Anayetaka magunia ya msimu ujao tusimdanganye.

Wakati tukisubiri, sehemu ya michango itatumika kujaribu kuchanganya mbegu shambani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2000 kutoka Yunnan, China, yalionyesha kwamba mpunga wa kunata, ulio dhaifu kwa blasti, ulipopandwa pamoja na mpunga kinzani, ugonjwa ulipungua kwa asilimia 94 na mavuno yake yakazidi kwa asilimia 89 kuliko ulipopandwa peke yake.

Michango apewe mweka hazina, naye atatoa stakabadhi. Asiye na fedha alete siku moja ya kazi, au bahasha za karatasi za kuwekea majani. Mifuko ya plastiki hapana: jani hutoa jasho humo, likaoza kabla ya kufika maabara.

Na mwenye masalio ya ile mbegu iliyotushinda asiyatupe. Tutaipanda makusudi kuzunguka kitalu, ili blasti ipate pa kuanzia.