Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kitabu Tunachokodi na Kitabu Kilicho Chetu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha maktaba,

Ahsanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliovuka feri kutoka Likoni asubuhi na mapema. Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina. Hatudaiwi, na rafu zilizoliwa na mchwa zimebadilishwa. Yaliyobaki ya mwaka huu yalimezwa na jambo moja: vitabu vya kidijitali.

Mkutano uliopita mlituagiza tutafute njia ya wasomaji kuazima vitabu kwa simu. Agizo lilikuwa la haki. Mwanafunzi wa Mtongwe hawezi kuvuka kila jioni kuja kusoma kisiwani, na simu anayo mkononi. Tukaiandikia kampuni moja inayosambaza vitabu hivyo, ikatuletea mkataba. Kamati iliusoma jioni tatu mfululizo, na kila tulivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuingiwa na hofu. Hakuna mahali mkataba ulipotaja kununua. Tulichouziwa ni leseni ya miaka miwili. Muda ukiisha, kitabu kinaondoka na tunalipa upya. Tena kila nakala isomwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja, wengine wangoje, ingawa faili haichakai wala hailowi mvua.

Wenzetu ng'ambo wameyaona haya kabla yetu. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziambia maktaba za Marekani kwamba kitabu chake cha kidijitali kikishaazimwa mara 26, leseni imekwisha. Piga hesabu: wiki mbili kwa kila msomaji, mwaka mmoja umekatika. Mwaka 2018 Penguin Random House iliacha kuuza leseni zisizo na kikomo, ikaweka za miaka miwili. Novemba 2019 Macmillan ilikwenda mbali zaidi: kitabu kipya, maktaba nzima ya mji ipate nakala moja tu kwa wiki nane za kwanza. Baadhi ya maktaba zilisusia vitabu vyake, na Machi 2020 masharti hayo yakaondolewa. Hapo kuna funzo kwetu: maktaba zikisema kwa sauti moja, zinasikika.

Kiini chake ni cha kisheria, na naomba tukielewe vizuri. Kitabu cha karatasi ukishakinunua ni mali yako. Unaweza kukiazima, kukiuza au kumwachia mjukuu. Maktaba zimesimama juu ya haki hiyo, tangu enzi za maktaba ya Seif bin Salim hapa Mombasa. Faili ni tofauti, kwa sababu kumfikishia mtu faili ni kutengeneza nakala nyingine, na nakala inahitaji idhini ya mwenye hakimiliki. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, ilijaribu kuskani vitabu vya karatasi na kuviazimisha kwa mtandao, nakala moja kwa kila kitabu ilichonacho. Wachapishaji wanne waliishtaki mwaka 2020, na Septemba 2024 mahakama ya rufaa ikawapa wachapishaji ushindi. Ulaya, kinyume chake, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2016 kwamba kuazima kitabu cha kidijitali kwa mtu mmoja mmoja kunaweza kuchukuliwa sawa na kuazima cha karatasi, mradi mwandishi alipwe haki yake.

Siwalaumu wachapishaji wetu wa Kenya. Wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na wizi wa kazi zao umewatia umaskini. Kwa uchungu nasema hivi: hata katika kundi letu la WhatsApp zimepita PDF za riwaya ambazo mwandishi hakulipwa hata shilingi. Tafadhalini, tukomeshe. Hatuwezi kumwomba mchapishaji atuamini huku tukimwibia.

Kamati ilikataa mkataba ule. Fedha tulizokuwa tumezitenga zikanunua vitabu vya karatasi, vingi vya Kiswahili, na tukaanza mazungumzo ya ana kwa ana na wachapishaji. Mmoja amekubali kutuuzia faili moja kwa moja, zisomwe kwenye tableti za chama bila tarehe ya mwisho. Ni vitabu vichache, lakini ni vyetu.

Kuna mlango mwingine ambao tumechelewa kuubisha. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, unaoruhusu vitabu kutengenezwa katika maumbo yanayowafaa wasioona bila kuomba idhini ya kila mchapishaji. Wanachama wetu wasioona wamesubiri vya kutosha, na kazi hiyo ndiyo ya kwanza mwaka ujao.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, chama kisitie saini leseni yoyote yenye tarehe ya kufutwa kwa kitabu pasipo idhini yenu. Pili, tuiandikie Kaunti ya Mombasa, kwa kuwa Katiba ya 2010 imeweka maktaba mikononi mwa kaunti, itenge fungu la vitabu vya kidijitali na ikae na wachapishaji kwa niaba ya wasomaji wote wa pwani hii. Rasimu ya barua iko mezani kwa katibu. Someni, rekebisheni, kisha tupige kura.

Mwenyekiti