Yah: Malalamiko kuhusu samaki 26 waliokufa, na maji ya kisima mliyoyapima wenyewe

Meneja Mkuu,
Duka la Samaki wa Mapambo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salaam. Mimi ni mteja wenu wa Kigamboni. Risiti mnazo, na masharti yenu ya dhamana mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitawachosha kwa utangulizi. Kwa heshima naomba mnirudishie shilingi 256,000: samaki 190,000, ada ya kupima maji 30,000, na chupa mbili za dawa ya kuondoa klorini 36,000.

Nianze na hiyo dawa, maana kila nikiiona pale dirishani damu inanichemka. Maji ya kisima changu hayana klorini. Klorini inatiwa kwenye maji ya Dawasa, na bomba la Dawasa halijafika mtaani kwetu. Fundi wenu alikanyaga tope la kisimani kwangu kwa miguu yake, akaiona pampu, akaliona tangi la juu, kisha akaniuzia dawa ya kutoa kitu ambacho hakimo. Tena chupa mbili. "Moja ya akiba, bibi."

Kupima kwenyewe kulichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, nayo chai niliitoa mimi. Alifungua koki, akajaza glasi, akachovya kikaratasi, akakilinganisha na rangi za kwenye boksi, akasema pH, yaani kipimo cha asidi, ni 7, katikati kabisa, maji safi, weka samaki yeyote utakaye. Nikamwambia hapa kwangu sabuni haitoi povu, na birika halimalizi wiki bila kuota ganda jeupe kama chokaa. Mwenye kuijua kazi yake angeshtuka hapo hapo. Yeye alicheka: madini hayo, bibi, samaki wanayapenda.

Wapo wanaoyapenda, ndiyo. Samaki wa Ziwa Tanganyika, na wale mbuna wa Ziwa Nyasa, kwao ni maji yenye madini na pH inayozidi 7, na Tanganyika inakaribia 9. Hao wangestarehe kwangu, na ni wa nchi hii hii. Ninyi mkanifungia kwenye mifuko neon 20, na sita wale bapa wenye mapezi marefu mnaowaita enjeli, wote asili yao Amazon, kwenye maji laini, yaani yenye madini machache, tena yenye asidi. Jumamosi moja, wote 26, kwenye tangi jipya la lita 200 lililojazwa jana yake.

Jumatatu asubuhi mjukuu wangu aliniamsha. Neon walikuwa juu ya maji wanahema, ile mistari yao ya buluu imefifia kama kanga iliyofuliwa mara mia. Hadi magharibi nilikuwa nimewatoa 14 wamekufa. Nilipiga simu dukani mara tano.

Masharti yenu yanasema mteja alete samaki waliokufa pamoja na sampuli ya maji. Nikaleta. Niliwatia kwenye kopo la Blue Band na vipande vya barafu, maji kwenye chupa ya soda, nikapanda kivuko, nikapanda daladala, nikasimama kwenye foleni yenu. Kijana wa kaunta alifungua kopo, akanusa, akalinyanyua juu watu waone. "Jamani, bibi katuletea supu." Watu wakacheka. Nina miaka 63. Sampuli ya maji hakuigusa.

Mpangaji wangu ni mwalimu wa kemia, na yeye ndiye aliyefanya kazi niliyowalipa ninyi. Alipima maji hayo hayo kutoka kwenye koki: pH 7. Akayaacha kwenye ndoo usiku kucha, pampu ya hewa ikitoa mapovu. Asubuhi pH ilikuwa 8.2. Alinieleza kwamba maji ya chini ya ardhi hupanda juu yakiwa yamebeba kaboni dioksaidi, nayo ndiyo inayoishusha pH. Yakipata hewa inatoroka, na pH inapanda. Kwa hiyo fundi wenu alipima maji ambayo samaki wangu hawakuyaishi hata siku moja. Kipimo cha ugumu, yaani wingi wa madini, kiligota mwisho wa rangi. Akapima tangini na amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe, ikawa juu, kwa sababu tangi jipya halina bado bakteria wa kuila, na pH inapopanda sumu ya amonia inazidi kuwa kali. Je, hili fundi wenu halijui, au analijua na alitaka kuuza tu?

Samahani, nimeruka. Hata enjeli walikuwa bado hai siku ile niliyokuja dukani. Wa mwisho alikufa Alhamisi. Lakini siwezi kuandika chochote bila kurudi pale kaunta, kwa sababu sikuwaambia lote. Kijana alipolinyanyua lile kopo, maji ya barafu yalinichuruzikia mkononi, nikawa nayafuta kwa ushungi. "Bibi katuletea supu." Mwanamke mmoja mwenye mtoto ndiye peke yake ambaye hakucheka. Na pembeni, ameegemea friji, anakula chipsi, alikuwepo fundi wenu yule yule aliyekunywa chai yangu. Nilimtazama nikijua atasema neno. Akasema: "Kwani nani alimwambia atumie maji ya chumvi ya kisima?" Kisha akaokota chipsi nyingine.

Kumbe maji safi yamegeuka maji ya chumvi!

Nimeandika nikidai 256,000. Nimebadili mawazo. Tangi nalo silitaki, njooni mlichukue kwa gharama yenu, na mnirudishie 420,000 zake, jumla 676,000. Nataka pia fundi huyo na kijana wa kaunta waniombe radhi, si kwa simu, bali hapo hapo kaunta, siku ya Jumamosi, wateja wakiwa wamejaa.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nawapa 7. Siku ya nane nakwenda Tume ya Ushindani na risiti zote, karatasi ya vipimo vya mwalimu, na zile chupa mbili za dawa ya kuondoa klorini, moja haijafunguliwa. Na kabla ya hapo jirani zangu wote wa mtaani, ambao wote ni watu wa kisima, watakuwa wameshaisikia habari ya supu.

Kopo langu nalo lilibaki kwenu. Mlirudishe.

Wenu mteja,
Kigamboni