Sauti ya pilipili uliyonitumia

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Natumai huko Guangzhou hujambo na biashara inakwenda. Sisi Unguja wazima, vuli imeanza na paa la jikoni linavuja kama unavyolijua.

Mzigo ulifika. Viatu vya watoto vimewaenea, lakini kilichoninyima usingizi ni ile paketi ndogo ya pilipili ya Sichuan. Nilitafuna punje mbili, nikangoja moto. Haukuja. Midomo ikaanza kutetemeka, vile vile ninavyohisi kifuani ninapoikumbatia besi na kuivuta kamba nene. Nikadhani ni mawazo yangu tu. Kumbe mwaka 2013 watafiti wa University College London waliwapaka watu pilipili hiyo mdomoni, wakawagusisha kidole kwenye kitu kinachotetemeka, na kuwauliza mtetemo upi unafanana na wa mdomoni. Jibu likawa kama mitetemo 50 kwa sekunde. Wallahi niliinuka kitandani! Noti ya G kwenye ile kamba nene ya besi yangu ni mitetemo 49. Usiku wangapi nimeipiga harusini bila kujua kuwa kuna chakula chenye sauti hiyo.

Unaikumbuka bashrafu ya urojo, kile kipande cha taarabu cha ala tupu bila mwimbaji, tuliyoahidiana pale Forodhani, bakuli mkononi? Nimeianza. Mara ya kwanza iliharibika. Fidla zilikimbia juu kabisa kwa mpangilio wa noti wa Hijazi, kanuni na nyuzi zake nyingi ikakwaruza, ngoma ya dumbaki ikaenda mbio. Watafiti wa Oxford wanasema watu huusikia ukali katika sauti nyembamba, mwendo wa haraka na makwaruzo, nami nawaamini, maana hata sisi sauti kali na pilipili kali tunaziita kwa neno moja. Lakini tulichopata ni kelele. Ukali ulikuwapo, pilipili haikuwapo.

Nimekaa nalo siku nyingi, na sasa nasema kosa letu lilikuwa wakati. Ndimu inakufikia pale pale. Pilipili manga inauma upesi, halafu inaondoka. Pilipili mbuzi kwanza inakupa harufu yake nzuri, inakuacha umeze, uchukue kijiko cha pili, ndipo inapokushika. Tena inachokupa si ladha hasa. Kapsaisini iliyomo inaigusa mishipa ya fahamu ile ile inayotoa habari ya joto linalounguza, la kama nyuzi 43 kwenda juu. Ulimi unaambiwa kuna moto, na moto hakuna. Wazee walimkanya mdaku kwa kumwuliza pilipili usiyoila yakuwashiani. Mimi swali hilo nimelichukua kama kazi: nataka aliyekaa kitini, hajala kitu, awashwe.

Basi Ijumaa tulianza upya. Kila mpigaji alikula urojo wenye pilipili mbuzi, na wa dumbaki akahesabu mizunguko ya mdundo tangu kijiko cha kwanza mpaka jasho la paji la uso. Tukapanga kwa hesabu hiyo. Mwanzo ni mpangilio wa Rasti, polepole, besi na udi tu: ule uzito wa rojo, manjano na embe mbichi. Fidla moja inapita mara moja na kunyamaza. Hiyo ndiyo harufu. Inapita mizunguko minane mitupu, mpaka umeshaisahau. Kisha inarudi na ya pili pembeni yake, noti ile ile lakini imepishwa kidogo mno, na unajua fidla mbili zikikaribiana hivyo sauti inapigapiga yenyewe, inafukuta. Hatukuongeza nguvu wala mwendo. Kijana wa kanuni aliushika ulimi wake.

Tuliweka kimya katikati, na baada yake mwasho ukasikika umezidi. Ni kama maji, ambayo hayaiyeyushi kapsaisini, huisambaza tu mdomoni. Kinachoiyeyusha ni mafuta, kwa hiyo chatne ya nazi tumempa mpigaji wa akordiani, pumzi ndefu, nzito, chini ya fidla mpaka zinyamaze. Sehemu hiyo naipenda kuliko zote.

Imebaki pilipili yako. Nataka G ile ije mwisho, kwa uta, peke yake, ndefu kiasi cha mtu wa mbele kuweza kuweka kiganja kwenye mbao za besi. Lakini sijaridhika kwamba mahali pake ni mwisho. Wachina wa huko wana maneno mawili, ma kwa ganzi na la kwa mwasho, na ukiyaunganisha unapata mala. Nenda leo ukale, sahibu, ule taratibu, uniambie kipi kinatangulia, na kama ganzi inaufunika mwasho au vinakwenda pamoja. Hesabu kwa pumzi, usihesabu kwa saa. Nitumie kwa sauti, huku midomo bado inatetemeka, nikusikie.

Na paketi nyingine, tafadhali. Nimebakiwa na punje kumi na moja, na wapigaji tuko tisa.

Wako,
wa Kikwajuni