Msimtoe kijana shuleni kwa ajili ya tuktuk

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wa Mombasa.

Mwezi uliopita binamu yangu alinijia, hesabu zake kashazipiga. Mwanawe ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Kuna tuktuk kuukuu inauzwa, na pesa za shule za mwaka zikiunganishwa na pesa za chama cha mkewe, malipo ya kwanza yametimia. Kijana atabeba abiria kutoka Buxton hadi Bamburi, kila jioni aje na chochote. "Shule italeta lini?" akaniuliza.

Sikumlaumu. Unga hauna subira. Ila nilimkumbusha marehemu babangu, kuli wa bandari ya Kilindini. Kiinua mgongo chake chote alinunulia pikapu ya kubebea mizigo Kongowea. Ilifanya kazi miaka minne, ikafa injini, ikauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mamangu yeye aliuza bangili mbili za dhahabu. Zilikuwa zimembana, akazivua kwa maji ya sabuni mbele yangu, mkono ukabaki mwekundu. Ndizo zilizonilipia kozi ya umeme Mombasa Polytechnic, pale Tudor. Kwa kozi ile nimesomesha watoto watatu, na hata leo simu yangu ikilia mara nyingi ni mtu ambaye nyumba yake imezimika taa.

Chuo kile, ambacho tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilianza kama taasisi ya elimu kwa Waislamu, na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Waislamu wa jamii ya Mabohora walitoa mali zao kisimame. Ndipo alipokuwa karani kijana mmoja wa hapa kwetu ambaye alama zake hazikumfikisha Makerere. Hakukata tamaa. Alipata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza, na baadaye Makerere ile ile ikampokea kama profesa. Huyo ni Ali Mazrui, aliyezikwa hapa Mombasa mwaka 2014.

Mtazameni pia Allidina Visram. Maduka yake yalitapakaa kutoka pwani hii hadi Uganda. Alifariki 1916 na biashara ile haikudumu. Shule aliyoijenga mwanawe kwa kumbukumbu yake ingali inapokea wanafunzi kila mwaka.

Najua tangu 2008 serikali hulipia masomo ya sekondari za kutwa, lakini sare, chakula cha mchana na nauli ni juu ya mzazi, na hapo ndipo watoto wengi wanapokatikia. Kamati za misikiti na makanisa, na hivi vyama vyetu vya kina mama, vingeweza kutenga fungu dogo kila mwezi kwa mtoto mmoja wa mtaa. Harusi tunazichangia bila kulazimishwa.

Tuktuk yenyewe kijana hajafikia hata umri wa leseni yake. Nimemwomba binamu asubiri amalize kidato cha nne, na nimemwahidi nusu ya gharama za shule za muhula ujao. Bado hajanijibu. Pesa nimeshamwekea mkewe.

Fundi umeme,
Kisauni, Mombasa